Kode ya punguzo inayoomba kode yako: mtego wa promo za bure mtandaoni

Kuna ujumbe ambao karibu kila mwenye telefone ya kugusa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira amekwisha kuupokea. Unakuja na alama ya kampuni ya simu, ao ya duka kubwa la mavazi la ng'ambo, na maneno ya furaha: kampuni inasherehekea miaka ya kuzaliwa kwake, inagawa giga 50 za bure, ao inatoa kode ya kupunguza bei kwa asilimia 80. Chini kuna mstari wa bluu wa kufinya. Na mara nyingi aliyeutuma si mtu asiyejulikana. Ni shangazi, ni mwenzi wa kwaya, ni mwalimu wa mtoto.

Shida inaanzia hapo. Wakaaji wa Mashariki hawahitaji kufundishwa juu ya wezi. Sokoni Kadutu ao kule Birere kila mtu anajua kushika mfuko wake, anahesabu franka mara mbili mbele ya mbadilishaji, na bei ikishuka kupita kiasi anauliza kwanza bidhaa imetoka wapi. Lakini ujumbe ulioletwa na ndugu unapita mlangoni bila kuulizwa jina. Na kwa wakati huu mlango huo unaenda moja kwa moja kwenye feza.

Benki zilifunga milango Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, wakati M23 ilipoingia katika miji hiyo. Tangu hapo mshahara, msaada wa ndugu walio Kinshasa, Kampala, Ubelgiji ao Canada, feza ya shule na mtaji wa mama muuza samaki vimezidi kupitia M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Mtu anatosha makuta kwenye kabine, tena kwa makato makubwa sababu noti zimekuwa chache. Telefone imekuwa benki. Zamani aliyedanganywa kwa simu alipoteza inite za kuongea; leo anaweza kupoteza akiba yote ya nyumba, na asipate dirisha la benki la kwenda kulalamikia.

Neno moja, vitu vitatu

"Kode" ni neno ambalo kila mtu anatumia siku hizi, na wezi wanafurahia hivyo. (Si kodi, ile ya nyumba ao ya serikali, ijapokuwa nayo inauma.) Kwanza kuna kode promo: herufi na namba ambazo duka linagawa ili mteja aziandike wakati wa kulipa, bei ishuke. Pili kuna kode ya SMS: namba sita ambazo WhatsApp ao Facebook inatuma ku telefone ili kuhakikisha kwamba anayefungua akaunti ndiye mwenye namba. Tatu kuna kode siri, zile namba chache, kwa kawaida nne, zinazofungua akaunti ya feza.

Vitu hivi vitatu havifanani hata kidogo, lakini vinaitwa kwa jina moja, na mtego mzima umejengwa juu ya mchanganyiko huo. Ukurasa wa bandia unaanza kwa kuahidi kode ya aina ya kwanza. Unaomba namba ya simu "ili tukutumie kode yako ya punguzo". Dakika moja baadaye SMS inaingia kweli, ina namba sita kweli, na mtu anaona ahadi imetimizwa. Ukurasa unasema: andika hapa kode uliyopokea. Anaandika. SMS hiyo haikutoka dukani. Ilitoka WhatsApp, sababu wakati uleule kuna mtu mahali fulani alikuwa anajaribu kufungua WhatsApp kwa namba yake. Mara nyingi SMS yenyewe inasema kwamba kode hiyo isipewe mtu yeyote. Lakini nani anasoma maneno madogo wakati giga 50 zinamngoja?

Kipimo kinachosaidia ni kuangalia kode inatoka wapi na inaenda wapi. Kode ya punguzo inatoka kwa muuzaji na kuja kwa mnunuzi. Muuzaji tayari anayo, ndiye aliyeitengeneza, hana sababu ya kuiuliza. Kode yoyote inayotakiwa kutoka ku telefone ya mtu na kwenda kwa mwingine si punguzo, hata iitwe promo, zawadi, uhakikisho ao bahati nasibu. Kwa kode siri hali ni wazi zaidi: hakuna punguzo, hakuna zawadi, hakuna mfanyakazi wa kampuni ambaye anaihitaji.

Baada ya WhatsApp kuibwa, mwizi haendi mbali. Anaingia katika vikundi vya familia na kuandika kama mwenyewe: nimekwama njiani, Mobile Money yangu imefungwa, tuma dola 50 kwa namba hii ya rafiki, nitarudisha kesho. Katika jimbo ambako watu wanahama usiku na ndugu wanapotezana kwa wiki nzima, ombi kama hilo halishangazi mtu. Familia zinatuma kwanza, zinauliza baadaye. Ndiyo maana hasara ya kode hizo sita haibaki kwa aliyeiandika. Inaangukia watu wanaompenda.

Namna ujumbe unavyopata uso wa shangazi

Kuna aina nyingine ambayo haigusi kode ya SMS, na ndiyo inayozunguka kuliko zote. Mtu anafinya mstari wa bluu, ukurasa unamuuliza maswali matatu ya urahisi (una miaka mingapi, unatumia mtandao gani, unaonaje huduma yetu), kisha anaonyeshwa masanduku ya kuchagua. Sanduku la kwanza tupu. La pili, ao la tatu, lina zawadi! Kila mtu anashinda, na karibu kila mtu anashinda kwa jaribio lilelile. Chini kuna maoni ya watu wanaoshukuru: nimepata yangu, asante sana. Maoni hayo ni maandishi tu yaliyobandikwa. Ukigusa jina hakuna kinachofunguka. Hesabu ya "zimebaki zawadi 27" inarudi juu kila ukurasa unapofunguliwa upya.

Kisha inakuja sharti: tuma kwa watu 15 ao vikundi 5 ili zawadi ifunguliwe. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawajui. Tangu 2019 WhatsApp inapunguza usambazaji: ujumbe unaopelekwa mbele unaweza kwenda kwa mazungumzo matano tu kwa mara moja, na tangu 2020 ule uliokwisha kuzunguka sana, wenye alama ya mishale miwili, unaenda kwa mazungumzo moja moja. Alama hiyo ingesaidia. Lakini kitufe cha "tuma" cha kurasa hizi hakipeleki ujumbe wa zamani mbele. Kinaandika ujumbe mpya ndani ya telefone ya mtu, kama vile ameuandika yeye mwenyewe. Hakuna mishale. Ndiyo sababu unafika ukiwa na uso wa shangazi, na si uso wa tangazo. Shangazi hakudanganya. Alikuwa anangoja giga zake.

Tena ukurasa hauna uwezo wa kujua kama ujumbe ulitumwa kweli. Unahesabu tu mara kitufe kilivyofinywa.

Na mwisho wake? Hakuna giga. Kuna matangazo yanayomlipa mwenye ukurasa kwa kila anayepita. Kuna dirisha linaloomba ruhusa ya kutuma taarifa, na anayefinya "Autoriser" anaanza kupata usiku na mchana maonyo ya virusi ambavyo haviko. Kuna orodha za namba za simu ambazo zinakusanywa na kuuzwa. Pengine kuna kujiandikisha katika huduma ya SMS za kulipia, inayokula inite kidogo kidogo. Wakati wa RAM, ile taksi ya telefone iliyoanza 2020 na kuondolewa 2022, watu walizoea kuona inite zinapotea bila kueleweka, na hata leo wengi wakiona makato wanalaumu kampuni bila kukumbuka mstari wa bluu waliofinya juma lililopita. Na kuna kurasa zinazoomba kuingiza programu, eti kode iko ndani yake. Programu iliyotoka nje ya Play Store na kuomba ruhusa ya kusoma SMS inaweza kuchukua kode zote sita-sita bila kumuuliza mtu tena.

Mchezo huu haukuanzia Kongo. Mwaka 2018 ujumbe wa WhatsApp ulizunguka nchi nyingi ukisema Adidas inagawa viatu vya bure kwa kutimiza miaka 69. Hesabu ilikuwa sawa, kampuni ilianzishwa 1949. Mstari nao ulionekana sawa kwa macho: ulisomeka kama jina la Adidas, isipokuwa herufi moja, i isiyo na nukta inayotumika katika Kituruki. Nani anaweza kuona nukta iliyokosekana kwenye kioo kilichopasuka, juani, kwenye foleni ya maji?

Kode za kweli zinasaidia nani?

Hata tukiacha wezi pembeni, kuna tovuti zinazojiita hifadhi za kode za punguzo, na hizo si lazima ziwe za wizi. Zinaweka orodha ndefu ya maduka ya ng'ambo, kila moja na kitufe cha "onyesha kode". Mtu anafinya, duka linafunguka upande mwingine, na kode haifanyi kazi ao imekwisha muda. Mwenye tovuti hana hasara. Kufinya kule kuliacha alama katika telefone ya mnunuzi, na akinunua kitu chochote dukani, hata kwa bei kamili, tovuti inaweza kulipwa asilimia kana kwamba yeye ndiye aliyemleta mteja. Kwa hiyo kujaza kode ambazo hazifanyi kazi kunaweza kuwa biashara nzuri kabisa.

Mambo haya yanafika hata juu sana. PayPal ilitangaza mwaka 2019 kwamba inanunua kampuni ya Honey, ambayo programu yake inatafuta kode wakati wa kulipa, kwa karibu dola bilioni 4. Mwisho wa 2024 ilituhumiwa hadharani kwamba ilikuwa inajiwekea malipo ya watu wengine waliomleta mteja, na kwamba haikuonyesha kila mara punguzo bora lililokuwepo. Kesi zilifunguliwa Marekani. PayPal ilisema inafuata kanuni za biashara hiyo. Kama dola bilioni 4 zinaweza kulipwa kwa kazi ya kutafuta punguzo, ni wazi kwamba punguzo halikuwa tu kwa faida ya mnunuzi.

Kwa mkaaji wa Kivu kuna swali la karibu zaidi: hata kode ya kweli, angeitumia namna gani? Maduka kama SHEIN, Temu ao AliExpress yanatoa kode kwa masharti: kwa nchi fulani, kwa akaunti mpya, kwa kununua kuanzia kiasi fulani. Posta ya kuleta mzigo mpaka mlangoni Himbi ao Panzi haiko. Anayetaka nguo za huko anapitia mtu wa kuagiza, mwenye kadi ya benki na anwani Kampala, Kigali ao Dubai, na mzigo unalipiwa kwa kilo, kisha duane, kisha gari. Tuseme shati la dola 12 linapata punguzo la asilimia 20. Ni dola 2 na senti 40, ambazo njia inazimeza kabla mzigo haujavuka mpaka. Na punguzo hilo linaingia katika akaunti ya mtu wa kuagiza. Hakuna kinachomlazimisha kumwambia mteja. Katika biashara hii ya Mashariki, bei ya kilo inastahili kuzungumziwa kwa bidii kuliko kode.

Kwa hiyo ukurasa unaomwahidi mtu wa Goma viatu vya dola 5 vitakavyofika nyumbani kwa masaa 72 unajikataa wenyewe, kwa jiji ambalo uwanja wake wa ndege ulifungwa tangu mapigano ya mwezi wa kwanza 2025. Mara nyingi ukurasa huo unaongeza: lipa kwanza dola 3 za usafirishaji. Kiasi ni kidogo kwa makusudi. Kwa dola 3 hakuna anayeenda polisi. Na namba ya kulipia si ya duka, ni ya mtu wa kawaida, ambaye anatosha makuta kwenye kabine kabla mlipaji hajamaliza kusoma ujumbe wa uthibitisho.

Kusoma mstari kabla ya kufinya

Kampuni za simu za nchini zina anwani zake: vodacom.cd, airtel.cd, orange.cd. Herufi mbili za mwisho, cd, ni za Kongo tangu 1997. Kabla ya hapo zilikuwa zr, za Zaire. Wezi wanajua kwamba watu wanatafuta jina wanalolijua, kwa hiyo wanaliweka mwanzoni, pale macho yanapofika kwanza. Lakini mwenye anwani hatambulikani mwanzoni. Anatambulikana mwishoni, kwa maneno mawili ya mwisho kabla ya mstari wa kulala wa kwanza baada ya jina. Kwa mfano wa kubuni: promo.duka.cd ni ya duka.cd, lakini duka.cd.promo-leo.top si ya duka hata kidogo, ni ya yeyote aliyenunua promo-leo.top, na jina kama hilo linaweza kununuliwa kwa dola chache. Mistari iliyofupishwa inaficha kila kitu; kwa promo ya feza hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuacha.

Alama ya kufuli haisaidii tena. Inaonyesha tu kwamba njia kati ya telefone na tovuti imefungwa, wala haisemi ni nani anayengoja upande wa pili, na vyeti vya kufuli vinapatikana bure tangu 2015. Google yenyewe iliondoa picha ya kufuli katika Chrome mwaka 2023, sababu watu walikuwa wanaielewa kama muhuri wa uaminifu.

Promo za kweli za kampuni za simu ziko, na hakuna ubaya kuzifuata. Zinaonekana katika menyu ileile ya nyota na namba ambayo mtu ananunulia mega kila siku, ao katika programu rasmi ya kampuni. Haziombi kutumwa kwa vikundi vitano. Kwa wasiwasi, kabine ya karibu yenye alama ya kampuni inaweza kuulizwa, na Congo Check, iliyoanzishwa na waandishi wa habari Wakongomani, inachunguza madai yanayozunguka mitandaoni.

Kwa aliyekwisha kuingia

Aliyetoa kode sita za WhatsApp anatakiwa kuingiza upya namba yake mara moja katika WhatsApp na kuomba kode mpya. Akiipata na kuiandika, mwizi anatolewa nje. Kama mwizi amekwisha kuweka PIN yake ya pili, mwenye namba anangoja siku 7, lakini mwizi naye anabaki nje kwa siku hizo. Wakati huohuo ndugu wajulishwe kwa kupigiwa simu, kwa sauti, si kwa kuandika katika kikundi ambamo mwizi yumo. Kuzuia ni rahisi kuliko kurudisha: katika "Paramètres", kisha "Compte", kuna "Vérification en deux étapes", PIN ambayo mwizi hataipata kwa SMS. Iko kwa watu wote tangu 2017, na kuiweka ni kazi ya dakika mbili.

Aliyetoa kode siri ya feza aibadilishe palepale, kabla ya kupiga simu kwa yeyote, kisha aite huduma ya wateja ya kampuni ili akaunti izuiwe. Feza ambazo bado ziko katika akaunti ya mwizi zinaweza kushikwa; zilizokwisha kutoshwa kwenye kabine ni vigumu sana kurudi. Aliyelipa usafirishaji wa bandia afanye vilevile, na asilipe "adhabu" ao "kodi ya kufungua mzigo" itakayoombwa baadaye. Ombi la pili karibu kila mara linafuata la kwanza.

Sheria iko. Kode ya kidijitali ya Kongo, iliyotiwa saini tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inaadhibu udanganyifu wa mtandaoni na kulinda habari za watu binafsi. Beni, Bunia ao Kindu mtu anaweza kupeleka malalamiko kwa OPJ ao parquet. Goma na Bukavu, ambako korti za serikali ya Kinshasa zilisimama mapema 2025, njia hiyo ni nyembamba sana, na kwa wengi inabaki kampuni ya simu peke yake. Popote pale malalamiko yanahitaji ushahidi: picha ya skrini ya ujumbe, mstari wote wa anwani, namba iliyopokea feza, saa na namba ya muamala iliyo ndani ya SMS. Picha hizo ziwekwe pia kwa telefone ya ndugu, sababu ile iliyodanganywa inaweza kuhitaji kufutwa yote kabla ya kutumiwa tena.